SISTA, UMENAWA MIKONO?

Mwenzi wako amerudi nyumbani Mbinga na mrija umetokeza shingoni. Uhai wake sasa uko mikononi mwa nesi aliye zamu. Je, nesi huyo amefundishwa? Na wewe, unajua cha kumuuliza?

Wakati wa uchumba tunaulizana mambo mengi. Umewahi kuwa na nani, unataka watoto wangapi, mshahara unatosha, mama yako atakuja kukaa kwetu au la. Hakuna anayemuuliza mwenzake, "Hivi presha yako umepima lini?" Halafu miaka mitatu ndani ya ndoa miguu inaanza kuvimba, asubuhi ni kichefuchefu, jioni ni uchovu usioelezeka. Unadhani ni kazi nyingi ofisini. Mnakwenda hospitali, mnapewa rufaa Songea, Songea wanawapa rufaa Mbeya. Figo zimechoka. Na kwa sababu mmefika mkiwa mmechelewa, kama wengi wetu tunavyochelewa, hakuna muda wa kuandaa mshipa wa mkono kwa upasuaji mdogo. Daktari anapitisha mrija shingoni siku hiyo hiyo, na mashine inaanza kusafisha damu.

Sasa basi, wiki kadhaa baadaye kuna msiba nyumbani. Mmebanana kati ya siku moja ya mashine na nyingine, lakini mjomba ni mjomba, lazima aende kuzika. Mnashuka Mbinga usiku, baridi kali, kesho yake asubuhi plasta ya shingoni imeachia na chini yake kuna unyevunyevu. Mnakwenda hospitali ya karibu. Nesi anakuja na trei yake. Kinachofuata katika dakika kumi zijazo ndiyo ishu yetu ya mwezi huu.

Si figo tu. Wapo wagonjwa wa saratani wanaopata dawa kwa mizunguko, wanaorudi nyumbani kwa wiki mbili au tatu kusubiri mzunguko unaofuata, na mrija umebaki mwilini. Wapo watoto. Mrija unawekwa hospitali kubwa, lakini mwenye mrija anaishi popote: Mbinga mjini, Litembo kule milimani, au chini ziwani, Liuli na Mbamba Bay.

KWANZA, NI KITU GANI HICHO?

Dripu ya kawaida tunaijua wote. Kanula ndogo mgongoni mwa mkono, maji yanatiririka, siku mbili tatu inatolewa. Huu wa shingoni ni mnyama mwingine kabisa. Unaingilia kwenye mshipa mkubwa wa shingo, au chini ya mtulinga, au kwenye paja, au juu kidogo ya kiwiko, kisha unasukumwa taratibu mpaka ncha yake ifike kwenye mshipa mpana karibu na moyo (ule wa paja huishia chini zaidi, kwenye mshipa mkuu wa tumbo). Sababu ni rahisi. Dawa nyingi za saratani zikipita kwenye mshipa mwembamba zinauunguza. Mashine ya figo nayo inataka damu nyingi kwa kasi ambayo kamshipa ka mkononi hakawezi kutoa. Na mgonjwa mahututi anahitaji dawa kali ambazo lazima zichanganyike na damu nyingi papo hapo.

Mirija hii haifanani. Kuna wa muda mfupi, wa siku chache hadi wiki chache, unaoingia moja kwa moja kwenye mshipa na kushikwa na nyuzi. Kuna unaopitishwa kwanza chini ya ngozi ya kifua kabla ya kuingia mshipani, una kitambaa kidogo kinachoshikana na nyama. Huo unaweza kukaa miezi. Kuna mrefu unaoingilia mkononi. Na kuna kijisanduku kinachozikwa chini ya ngozi kabisa, nje huoni kitu ila kauvimbe, na kinachomwa kwa sindano yake maalumu, si hii ya kila siku. Nesi anayeuona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani yote ni mamoja. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Maana mrija huu ni mlango ulio wazi unaoelekea moyoni. Kijidudu kikipita kwenye kifuniko kichafu, hakina safari ndefu. Kiko kwenye damu. Hewa ikiingia, nayo hivyo hivyo, inaweza kumuua mtu akiwa anaongea na wewe. Kifuniko kikilegea usiku, mtu anaweza kupoteza damu akiwa usingizini. Na damu ikiganda ndani yake, mrija umekufa, mnaanza upya shingo ya upande wa pili. Mishipa mikubwa nayo ina idadi. Haiongezeki.

NESI ALIYEFUNGWA KAMBA

Kabla hatujaenda mbali, kuna kisa nakipenda sana kuhusu mwanzo wa mambo haya. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde karibu na Berlin, Ujerumani, daktari mmoja kijana anayeitwa Werner Forssmann alikuwa na wazo kwamba mrija unaweza kupitishwa kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni bila mtu kufa. Mkubwa wake akamkatalia. Forssmann akajua kwamba vifaa vilivyo safi viko chini ya nesi wa chumba cha upasuaji, Gerda Ditzen, basi akaanza kumzungukia kwa maneno matamu mpaka nesi akakubali. Lakini kwa sharti: mrija uwekwe kwake yeye mwenyewe.

Forssmann akasema sawa, akamlaza mezani, akamfunga kamba mikono na miguu. Kumbe anamzuga! Nesi akiwa amefungwa pale, daktari akajichoma ganzi mkono wake wa kushoto na kujiingizia mrija mwenyewe, kama sentimita 65. Kisha akamfungua nesi, wakashuka ngazi pamoja hadi chumba cha eksirei na mrija ukiwa ndani ya mwili. Picha ikaonyesha ncha iko moyoni. Mwaka 1956 Forssmann akapata Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards.

Gerda Ditzen hakupata chochote. Wanaume watatu jukwaani, na nesi aliyejitolea mwili wake na kutoa vifaa safi anatajwa kama kichekesho. Mambo haya hayajabadilika sana. Mpaka leo daktari anauweka mrija kwa nusu saa na sifa ni zake. Nesi anaushika mara tatu kwa siku, wiki nzima, na ukiharibika lawama ni zake.

SEKUNDE KUMI NA TANO

Haya, mafunzo yenyewe yanahusu nini? Wengi wanafikiri ni mambo ya mashine na lugha ngumu. La hasha. Sehemu kubwa ni mikono, na subira.

Somo la kwanza ni kunawa. Unacheka? Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2022 kwamba kati ya kila wagonjwa 100 waliolazwa, wagonjwa 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ugonjwa mmoja wa kuambukizwa hospitalini, dhidi ya 7 katika nchi tajiri. Kunawa kwa sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, siyo kulowesha vidole tu. Ukitumia dawa ya mikono yenye spiriti, ni sekunde 20 hadi 30, mpaka ikauke yenyewe. Na glovu si mbadala wa kunawa. Nesi aliyevaa glovu akashika faili, akashika mlango, akasogeza kitanda, kisha akashika mrija, huyo amevaa glovu kujikinga yeye, si kumkinga mgonjwa.

Somo la pili ni kujua mahali pasipoguswa. Waalimu wazuri humwekea mwanafunzi mrija kwenye sanamu na kumwambia: shika popote utakapo, ila hapa, hapa na hapa, hata kwa glovu usiguse. Ncha ya bomba la sindano. Mdomo wa mrija baada ya kufungua kifuniko. Ngozi iliyokwisha kusafishwa. Mwanafunzi anarudia, anarudia, anakosea, anaanza upya na vifaa vipya. Inachosha kweli, lakini ndivyo mkono unavyozoea.

Halafu kuna kusugua. Kabla ya kuunganisha chochote, mdomo wa mrija unasuguliwa kwa kitambaa chenye spiriti, kwa nguvu kidogo, kama unakamua chungwa, sekunde 15. Kisha unaachwa ukauke. Jaribu sasa hivi hapo ulipo, sugua kifuniko cha kalamu yako huku ukihesabu polepole hadi kumi na tano. Ni ndefu, siyo? Sasa fikiria nesi mmoja, wodi imejaa, simu inaita, ndugu wanamwita "sista, sista!" kutoka kona tatu. Hizo sekunde 15 ndizo za kwanza kukatwa. Kwa hiyo mafunzo mazuri hayaishii kumwambia afanye nini. Yanamzoesha kufanya akiwa anaharakishwa.

Yapo na mengine ambayo usipofundishwa huwezi kuyakisia. Bomba la sindano lisiwe dogo, litumike la mililita 10 au zaidi, maana bomba dogo linasukuma kwa presha kubwa na linaweza kupasua mrija. Maji ya chumvi ya kusafishia yanasukumwa kidogo, unasimama, kidogo, unasimama, ili yazungukezunguke na kung'oa mabaki ya damu. Kibanio kinafungwa kabla kifuniko hakijafunguliwa, siku zote, ili hewa isipate nafasi. Mgonjwa wa figo huvaa barakoa wakati wa kufungua mrija wake, na nesi vilevile, kwa sababu pumzi inabeba vijidudu.

Na hili la mrija wa figo naomba ulisome mara mbili. Ndani yake, kati ya siku moja ya mashine na nyingine, huachwa dawa ya kuzuia damu isigande, mara nyingi heparini, tena kali. Nesi asiyejua akiona mrija mzuri namna hiyo, na mishipa ya mkono imepotea, atashawishika kuutumia kwa dripu au antibiotiki. Akisukuma bila kwanza kuivuta ile dawa nje, ameiingiza yote mwilini kwa mkupuo, na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Ndiyo maana kanuni ni fupi: mrija wa kusafishia damu hauguswi kwa kazi nyingine yoyote, isipokuwa ni kufa na kupona na anayeugusa anajua anachofanya.

Plasta nayo ina ratiba. Ile ya nailoni inayoona ngozi hubadilishwa kila baada ya siku saba. Ya gozi kila baada ya siku mbili. Lakini ikilowa, ikichafuka au ikiachia hata pembe moja, inabadilishwa muda huo huo, hata kama iliwekwa jana. Ngozi inasafishwa kwa klohekisidini yenye spiriti, kama haipo basi aiodini, kisha inaachwa ikauke. Kupepea kwa kipande cha boksi, kama nilivyowahi kuona kwenye wodi moja ambayo sitaitaja, hapana!

HOMA YA ZIWANI

Hapa Mbinga na Nyasa tuna jambo letu wenyewe. Ukitoka Mbinga mjini, kwenye baridi ya milima ya Wamatengo, ukashuka zile kona kama kilomita 66 hadi Mbamba Bay, umehama hali ya hewa kabisa. Juu sweta, chini jasho. Na chini huko, mtu akisema anahisi baridi na kutetemeka, neno la kwanza mdomoni mwa kila mtu, kuanzia bibi hadi nesi, ni malaria. Hawajakosea, Ruvuma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini.

Lakini mtu mwenye mrija wa shingoni anayetetemeka ni hadithi nyingine. Hasa akianza kutetemeka ndani ya nusu saa hivi baada ya mrija wake kusafishwa au kutumiwa. Hapo mshtakiwa wa kwanza ni mrija. Vijidudu vilikuwa vimejificha ndani, vimesukumwa vyote kwenye damu. Kipimo cha haraka cha malaria kifanyike, ndiyo, tena kikitoka hasi kinasaidia. Tatizo ni kikitoka chanya. Kila mtu anashusha pumzi, "kumbe malaria," mgonjwa anapewa dawa mseto na kurudishwa nyumbani, wakati sehemu hizi mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na maambukizi ya damu kwa wakati mmoja. Malaria inatibiwa, mrija unaendelea kumuua.

Kwa hiyo nesi wa zahanati ya kando ya ziwa, hata kama hatauona mrija kama huu zaidi ya mara moja kwa mwaka, anahitaji kujua sentensi moja: homa yenye mrija ni dharura mpaka ithibitike vinginevyo. Asiutumie tena, apige simu walikouweka, mgonjwa asafirishwe. Penye maabara ya kuotesha vijidudu, damu ichukuliwe kabla ya antibiotiki, moja kutoka kwenye mrija na nyingine kutoka mkononi. Pasipo na maabara hiyo, matibabu yasisubiri.

"DAKTARI, SAMAHANI, TUSIMAME KIDOGO"

Kuna daktari wa Johns Hopkins, Marekani, Peter Pronovost, ambaye mwaka 2001 aliandika orodha fupi sana. Nawa mikono. Safisha ngozi kwa klohekisidini. Mfunike mgonjwa mwili mzima kwa shuka safi na wewe uvae kofia, barakoa, gauni na glovu. Epuka paja ukiweza. Mrija usiohitajika tena, utoe. Mambo matano ambayo kila daktari duniani anayajua. Walipoyapeleka jimbo la Michigan na kuyafuata kwenye wodi za mahututi zaidi ya mia moja, maambukizi ya damu yakashuka kutoka wastani wa 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 za mrija, ndani ya miezi 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006.

Siri haikuwa orodha peke yake. Nesi alipewa ruhusa, na uongozi ukamlinda, kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Nesi wa cheti anamwambia bingwa, "Daktari, samahani, tusimame kidogo, hujavaa gauni." Weka picha hiyo kwenye hospitali unayoijua wewe. Ngumu, eeh? Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu. Ndiyo maana naamini mafunzo ya mrija ambayo hayamfundishi nesi kufungua mdomo ni nusu ya mafunzo. Na daktari naye lazima awepo darasani siku hiyo, asikie kwa masikio yake kwamba atasimamishwa.

NANI AFUNDISHWE?

Kwetu hapa si kwamba hatuna wauguzi wazuri. Peramiho, kabla hujafika Mbinga ukitokea Songea, pana hospitali ya misheni ya Mtakatifu Yosefu na chuo cha uuguzi ambacho kimetoa manesi wa kizazi na kizazi. Litembo kuna hospitali ya Jimbo Katoliki la Mbinga. Liuli kuna ya Waanglikana, St. Anne's. Wilaya ya Nyasa nayo imekuwa wilaya kamili tangu ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linamtaka muuguzi aendelee kujifunza ndipo leseni yake ihuishwe. Kwa wanaotaka kubobea, Muhimbili wana shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, na Kenya chuo cha KMTC kinatoa stashahada za juu za uuguzi wa mahututi na wa figo. Njia zipo.

Ila mimi sikubaliani na ile tabia ya kukusanya manesi hamsini ukumbini, siku mbili, chai na maandazi, slaidi mia moja, posho, cheti, kwaheri. Mkono hauzoei kwa slaidi. Ujuzi usiotumika hufutika, na nesi wa Lituhi hawezi kukumbuka Desemba kitu alichokiona kwenye picha mwezi Januari.

Ningekuwa na sauti, ningegawa kazi. Kila hospitali ichague manesi wanne au watano, watoke zamu tofauti ili usiku usikose mtu. Hao wapelekwe kwenye kitengo kinachoshika mirija hii kila siku, wakae wiki kadhaa, washike kwa mikono yao wakitazamwa, wasiachiwe peke yao mpaka msimamizi atie saini kwamba ameona kwa macho yake. Baada ya miezi sita watazamwe tena. Waliobaki wote, mpaka zahanati ya mwisho ufukweni, wafundishwe mambo machache tu ya kuwatosha: kuutambua mrija, kutoufungua, dalili za hatari, la kufanya ukikatika, na namba ya kupiga. Mchana mmoja unatosha kwa hayo, na sanamu moja ya bei nafuu.

Ukikatika? Banwa kati ya mpasuko na mwili, kwa kibanio au hata kwa kuukunja na kuushika kwa vidole. Ukichomoka wote, gandamiza kwa nguvu pale ulipotokea na mlaze chali. Akianza ghafla kuhema na kifua kumbana, ukahisi hewa imeingia, mlaze ubavu wa kushoto, kichwa chini kuliko miguu, oksijeni kama ipo, na mbio kwa daktari.

SASA TUJE KWENU WAWILI

Msiondoke hospitali kubwa bila karatasi. Si ile ya rufaa yenye mwandiko usiosomeka. Ombeni karatasi moja iandikwe aina ya mrija, tarehe uliyowekwa, dawa gani imeachwa ndani, plasta ilibadilishwa lini, na namba ya simu ya kitengo. Ipigeni picha, muwe nayo wote kwenye simu. Ombeni na vifaa vya kubadilishia plasta mara mbili, kama havitolewi nunueni, maana mnakokwenda vinaweza kuwa vimeisha.

Kumuuliza nesi kama amenawa si utovu wa adabu, ila namna ya kuuliza ipo. Usiingie na sauti ya mkaguzi. "Shikamoo sista," kama ni mkubwa kwako, "pole na kazi. Tulipotoka walituambia mrija huu ni wa kusafishia damu tu, na tukumbushane kunawa kabla. Tunaomba utusaidie." Ukisema tulivyoambiwa, hujamshitaki mtu. Na akikujibu, "Mimi hii sijafundishwa, ngoja nimwite mwenzangu," mshukuru sana, maana huyo ni nesi bora kuliko anayejifanya anajua.

Kuoga: maji yasifike kwenye plasta. Jifuteni kwa kitambaa, au ogeni kuanzia kifuani kwenda chini. Ziwani hapana, hata kama amekulia Liuli na amezoea kujitosa kila jioni. Hilo litamuuma kuliko unavyodhani, kwa hiyo usilichukulie kama kitu kidogo. Mavazi: Juni na Julai Mbinga kila mtu yuko kwenye sweta, na sweta linalovuliwa kichwani ndilo linalong'oa mrija. Mnunulie la vifungo mbele. Skafu isizungushwe shingoni. Mkasi usikaribie. Mtoto mdogo akipakatwa, akae upande usio na mrija.

Kitandani, je? Mnaniuliza kwa aibu lakini mnaniuliza. Mrija wenyewe si sababu ya kunyimana haki ya ndoa. Cha kulinda ni usivutwe, usikandamizwe na plasta isilowe jasho kupita kiasi. Mambo mengine, kama nguvu na presha, muulizeni daktari bila kuzungukazunguka. Ugonjwa wa figo unaweza kupunguza hamu, kwa mwanamume na mwanamke, na hiyo haina maana kwamba amekuchoka. Wapo wanaohamia chumba kingine kwa kuogopa kuugusa ule mrija. Mgonjwa anaielewa kama ameshaachwa.

Halafu kuna ndugu. Mama mkwe atataka kupaka mafuta au majani aliyopewa na mtu anayemwamini. Jirani atanong'ona kwamba mrija ule ni UKIMWI, mwingine atasema amerogwa. Usigombane na mama. Mwambie, "Mama, hapa daktari amekataza kitu chochote, hata mafuta ya hospitali," kisha mpe kazi nyingine ya upendo: awe mlinzi wa ratiba ya plasta. Akina mama wakipewa ratiba, hata nesi atawaogopa.

Na mkiwa na nafasi ya kuongea na daktari, msimwachie bila swali hili: mrija huu utatoka lini? Kwa mgonjwa wa figo anayeendelea na mashine, kwa kawaida njia bora ni kuunganishwa mishipa miwili ya mkono kwa upasuaji mdogo, ipanuke yenyewe wiki hadi miezi, ndipo ichomwe sindano. Hakuna kitu kinachoning'inia nje. Madaktari wamekuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1960. Ulinde mkono huo mapema: usipimwe presha huko, usichomwe dripu huko.

Siku ya kuutoa mrija nayo ina utaratibu wake, na wengi hupumbazika hapo kwa sababu wanaona ni kazi ya kuchomoa tu. Mgonjwa hakai kwenye kiti. Analazwa chali, kichwa chini kidogo, anavuta pumzi na kuizuia au kuitoa taratibu wakati mrija unapotoka, ili hewa isinyonywe ndani. Nesi anagandamiza dakika tano au zaidi mpaka damu ikome, anafunika kwa plasta isiyopitisha hewa ambayo inakaa angalau siku nzima, na mgonjwa anabaki amelala nusu saa. Wewe shika mkono wake, na angalia saa.